Kitambaa Hakirudi

Majoho ya kwaya yalikuwa thelathini na mawili, rangi ya damu ya mzee, na Jumanne ile yalipotoka kwenye kamba za Dobi hapakuwa na hata moja ambalo mtu mzima angelivaa akabaki na heshima yake. Mwalimu wa kwaya alijaribu la kwake mbele ya wazee wa kanisa. Mikono iliishia kwenye viwiko. Pindo, ambalo mwezi uliopita lilifagia viatu, sasa lilikomea chini kidogo ya magoti, na wazee wote saba wakaona kwamba mwalimu amevaa soksi moja nyeusi na nyingine ya buluu. Mzee mmoja alicheka, kisha akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Yamerudi," alisema mwalimu wa kwaya kwa sauti ya msiba. "Yote. Hata lile la yule bwana mnene wa sauti ya nne."

Nguo ikisinyaa majini husemwa imerudi. Imerudi wapi, hakuna anayeuliza. Siku ile kilichoulizwa ni nani aliyeirudisha, na macho yote yakaenda mlangoni alikosimama Dobi na aproni yake yenye unyevu.

Dobi alikuwa na jina kama watu wote, lakini miaka kumi na mmoja ya kufua mapazia, vitambaa vya madhabahu na kanzu za mchungaji ilikuwa imelifua hilo jina nalo likatoka. Alikaa katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, chumba kilichokuja na kazi. Hakuwa na mume wala mtoto, na mikono yake ilikuwa na nyufa za sabuni ambazo hazikupona hata siku za sikukuu.

"Ulichemsha maji?" aliuliza mwenyekiti wa wazee.

"Sikuchemsha, mzee."

"Basi ulitia dawa kali."

"Sabuni ni ile ile ya siku zote."

"Kwa hiyo majoho yamejirudisha yenyewe? Michango ya mwaka mzima, waumini wamejinyima, halafu yamejirudisha yenyewe!"

Dobi alisogea mezani, akachukua joho moja, akaugeuza mkono wake ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akainua uso, akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye benchi karibu na dirisha, mkoba mapajani. Huyo ndiye aliyeyashona. Watu walimwita Mama Pimatena, kwa sababu alikupima, akakuambia utoe pumzi, akakupima tena. Alijivunia kwamba toka aanze kazi hakuna nguo iliyowahi kurudishwa mlangoni kwake na mwenye nguo akilalamika.

"Mama Fundi," mwenyekiti alimgeukia, "wewe ndiye mwenye ujuzi. Kitambaa kilikuwa kizuri?"

"Kilikuwa kizuri," alisema.

Na kweli kilikuwa kizuri. Kuna watu hudanganya kwa uongo, na kuna wanaodanganya kwa ukweli, na hawa wa pili ndio hulala vizuri zaidi, walau kwa siku ya kwanza.

Dobi alingoja. Alingoja muda ambao mtu angeweza kusema sentensi moja, hata mbili. Halafu akalikunja lile joho vizuri, mkono juu ya mkono, akalirudisha mezani. "Kama kuna kosa, wazee wangu, basi mnisamehe."

Hawakumsamehe. Katibu wa wazee, mtu mwembamba mwenye hati nzuri, aliandika kwenye daftari kwamba kazi ya Dobi imekoma na chumba akiache ifikapo Jumapili jioni. Katibu huyo alikuwa mume wa Mama Pimatena. Mwenyekiti akamaliza kwa upole, kama watu wanavyomaliza mambo haya. "Umetumika vizuri, dada. Mungu atakulipa."

Maneno haya, Mungu atakulipa, ni maneno matamu sana. Kasoro yake ni moja tu, kwamba asemaye huondoka pale akiwa mwepesi.

*

Nyumbani kwa Mama Pimatena cherehani zilikuwa mbili, moja ya mguu na moja ya umeme, na binti yake alikuwa kwenye ile ya mguu akitia vifungo kwenye sare za shule. Binti alikuwa na miaka kumi na saba na aliimba kwaya. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya mama yake kuvua viatu.

"Mama, wamemfukuza Shangazi Dobi?"

"Wamemsimamisha."

"Mama, hatukukiloweka."

"Tia vifungo, mwanangu."

"Mimi nilikuuliza. Nimeshika mkasi nikakuuliza, mama hatukiloweki kwanza? Ukaniambia—"

"Najua nilichokuambia!"

Alichomwambia ni hiki: kitambaa hakirudi. Kila fundi anajua kwamba kitambaa cha pamba lazima kionje maji kabla ya kuonja mkasi. Unakiloweka, unakianika, kinarudi kadiri kinavyotaka kurudi, ndipo unapokata. Ukikata kwanza, kitarudi baadaye, tena kikiwa mwilini mwa mtu. Mama Pimatena alilijua hilo kabla hajajua kuandika barua. Lakini majora yalikuwa matatu makubwa, na beseni zake hazikutosha hata jora moja.

Dobi alikuwa na mapipa. Alijitolea mwenyewe. "Niletee majora yako, mdogo wangu," alisema jioni moja, akiwa bado anafuta mikono baada ya kumwogesha mama mkwe wa Mama Pimatena. "Kesho kutwa nakuletea yamekauka, na pasi nimepiga." Mama Pimatena akatabasamu, akasema asijisumbue, kitambaa cha siku hizi hakirudi.

Haikuwa haraka wala uvivu. Ukweli, ambao aliuficha hata nafsi yake, ni kwamba alikuwa amechoka kushukuru. Miezi saba mama mkwe wake alikuwa amelala upande mmoja kama gogo, amepooza, na miezi saba Dobi alikuja kila jioni akimaliza kazi zake. Alibeba mashuka machafu bila kuziba pua. Alimgeuza mgonjwa, akamwogesha, akamkanda mguu. Hakuitwa na mtu. Alikuja siku ya kwanza kumsalimu tu, akaona mashuka, akakunja mikono ya gauni. Mtu akikutendea wema mara moja unamshukuru kwa furaha. Akikutendea kila siku, kuna siku inafika unamsikia anapiga hodi na unakunja uso, kwa sababu yeye akiingia wewe unaonekana mdogo. Mama Pimatena alitaka walau jambo moja, majoho yale, liwe lake bila mkono wa Dobi ndani yake.

"Mkwe!" Sauti ilitoka chumba cha ndani, nzito, maneno yakikokotana tangu ugonjwa. "Mwenye mikono ya baridi hajaja?"

"Leo hatakuja, mama."

"Anaumwa?"

"Ana shughuli."

"Shughuli," alisema Bibi. Fimbo ikagonga sakafu, mara moja, mara mbili, na Bibi akatokea mlangoni akiwa wima kwa miguu yake. Wiki tatu sasa alikuwa akitembea hivyo, chumbani hadi mlangoni, mlangoni hadi uani. Hiyo ndiyo habari njema ya nyumba ile. Jumapili ilikuwa ibada ya shukrani, na familia ya Katibu ingesimama ya kwanza kumshukuru Mungu kwa kumwinua.

Binti alimtazama bibi yake, akamtazama mama yake, akainamia vifungo.

*

Alhamisi Mama Pimatena alipita nyuma ya kanisa akiwa na mfuko wa sukari na bahasha. Alichagua saa nane mchana, wakati jua limewaingiza watu ndani, na kuchagua huko kungetosha kumwonyesha anachokifanya.

Dobi alikuwa anafunga mizigo. Chumbani kulikuwa na kitanda, ndoo mbili zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, pasi ya mkaa na begi la kitambaa lililofumuka zipu.

"Karibu, mdogo wangu. Kiti nimeshampa mwenye kioski, kaa hapo kitandani."

"Nimekuletea sukari, dada."

"Sukari, na mimi nasafiri! Si itanimwagikia kwenye nguo nipandwe na sisimizi njia nzima?" Lakini aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka dirishani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mtoto wa marehemu dada yangu. Ana watoto watano na vyumba viwili. Kasema nije tu, tutabanana."

Mama Pimatena alishika ukingo wa godoro. Alikuwa ameandaa maneno njiani, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Hayakuja. "Dada, wewe ulijua," alisema.

"Nilijua maji yalipotoka meupe. Nikatia mkono, yanateleza, wanga mtupu wa kiwandani. Nikasema, ala! Hiki hakijaonja maji hata siku moja. Lakini yote yalikuwa yameshazama. Ungenikuta pale ungecheka, ninavyoyavuta kama mtu anayeokoa vifaranga."

"Mbona hukusema mbele ya wazee?"

Dobi alikaa juu ya begi lake. "Nilitaka kusema. Nilipoligeuza lile joho ilikuwa niseme. Nikakutazama, nikakuona umeshika mkoba kama mtoto aliyevunja sahani. Nikasema, acha aseme mwenyewe, akisema kwa mdomo wake itamwuma kidogo tu. Nikangoja." Akafuta kiganja kwenye gauni. "Hukusema."

"Sikusema."

"Basi nikakasirika. Usidhani umekaa na malaika hapa. Jana kutwa nzima nilikuwa na hasira, nimefua mapazia yasiyo na uchafu. Nimeyapiga kweli kweli."

"Na leo?"

"Leo mikono inauma." Akacheka kidogo. "Halafu wakati nafungasha nikakutana na gauni langu."

Alilitoa nyuma ya mlango. Lilikuwa la manjano lenye majani makubwa ya kijani, na mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba kitambaa kile kilikuwa kimekusudiwa dirisha. Mama Pimatena alilitazama bila kulitambua.

"Si kazi yako hii? Siku nilipofika hapa mjini gauni langu limechanika mgongo mzima, natembea nimeegemea kuta ili watu wasione. Wewe ulikuwa na cherehani moja, umekaa nje ya mlango. Ukaniita. Hukuniuliza natoka wapi wala nimefanya nini. Ukanipima, ukaniambia toa pumzi, ukanipima tena. Kesho yake ukanipa hili. Ukasema kitambaa kilibaki kwenye mapazia ya mteja."

"Dada, mimi sikumbuki."

"Utakumbukaje? Wewe ulitoa. Anayekumbuka ni aliyepewa."

Hayakusemwa kwa kuchoma, na ndiyo maana yalichoma. Mama Pimatena alikuwa amepewa miezi saba, na kazi yake kubwa katika miezi hiyo ilikuwa kujaribu kusahau. Huyu alipewa gauni moja la pazia, akalikumbuka miaka kumi na mmoja, na alipoona mashuka ya mgonjwa alikunja mikono ya gauni bila kuitwa. Mama Pimatena aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akaisukuma ile bahasha juu ya godoro.

Dobi hakuigusa. "Hiyo ni ya nini? Ya majoho au ya mama mkwe?"

Mama Pimatena aliigeuza bahasha juu chini.

"Basi irudishe mkobani mpaka utakapojua. Na Bibi, ule mguu wa kushoto, ukimkanda anza kisigino upande juu. Usianze juu. Na uzungumze naye huku unakanda, ukinyamaza anadhani unachukia kazi."

Mama Pimatena alisimama. Mlangoni, kwa mazoea tu, ulimi ukamtoka. "Mungu atakulipa, dada."

Alijisikia akisema. Dobi naye alisikia, akainamia zipu yake mbovu.

*

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Katibu aliisoma shukrani yake kwa sauti ili familia izoee. Alikuwa ameiandika kwa kalamu mpya. Alifika mahali pa katikati, akainua kidole. "Tunamshukuru Mungu aliyemwinua mama yetu kutoka kitandani bila msaada wa mwanadamu—"

"Bila msaada wa nani?" aliuliza Bibi.

"Wa mwanadamu, mama. Ni namna ya kusema. Kumpa Mungu utukufu wote."

"Nani alikuwa ananifuta? Mungu?"

Binti alicheka, akaziba mdomo. Katibu alikunja karatasi. Hapo Mama Pimatena akaona kwamba kama hatasema sasa hatasema tena, akasema. Alisema bila kupumzika, kitambaa, mapipa, kiburi, benchi karibu na dirisha, kama mtu anayetapika. Alipomaliza, mumewe alikuwa ameketi na kalamu mpya mkononi bila kujua aiweke wapi.

"Unaniambia leo," alisema. "Jumamosi. Wakati mwandiko ni wangu."

"Ningekuambia Jumanne ungefanya nini?"

Alifikiri kwa haki kabisa, kwani hakuwa mtu mbaya. "Sijui," alisema. "Huenda ningeandika hivyo hivyo, kukulinda. Mama watoto, sikiliza. Tupite kesho kwanza. Tumshukuru Mungu, halafu wiki ijayo nitalipeleka polepole kwenye kikao. Ukisema hadharani nani atakuletea nguo tena? Nani ataniita mzee wa kanisa? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kesho jioni anatoka."

"Tutamwita arudi."

"Hata nauli ya kurudia hana."

"Basi tutaona," alisema Katibu, akaingia chumbani na shukrani yake.

Mama Pimatena alichukua mafuta, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi, akaanza kumkanda mguu. Alianzia kisigino.

"Mikono yako ya moto," alisema Bibi.

"Nisamehe, mama."

"Mimi hukunikosea. Usinipe mimi kilicho chake."

*

Majoho ya zamani yalikuwa yameshachanwa kuwa matambara ya kufutia viti, kwa hiyo kwaya iliingia ibadani na haya haya yaliyorudi. Waliimba viwiko wazi, wakivuta mikono ya nguo kila wimbo ulipopumzika. Watoto wa mistari ya mbele walikuwa na raha isiyo kifani. Mama Pimatena aliona kila kiwiko. Hata angefumba macho angevihesabu.

Mchungaji alihubiri juu ya wale wakoma kumi waliotakaswa. Wote walipona, alisema, kumi kwa kumi, lakini wangapi walirudi kushukuru? "Mmoja!" alipaza sauti. "Alirudi mmoja! Wengine walipata uponyaji, huyu alipata zaidi, kwa sababu alirudi. Ndugu yangu, wewe umerudi?" Kila aliposema neno hilo, mwalimu wa kwaya alivuta mkono wa joho lake, na mstari wa wanawake nyuma yake ukatikisika kwa kicheko cha kuzuiwa. Mama Pimatena hakucheka. Lile neno lilikuwa linamgonga kifuani kama mtu anayebisha mlango na anajua wewe umo ndani.

Wakaitwa. Bibi alitembea mwenyewe hadi mbele kwa fimbo yake, na kanisa zima likapiga makofi. Katibu akafungua karatasi, akakohoa. Akafika pale katikati, akasita. Alilitazama lile neno mwanadamu aliloliandika kwa hati yake nzuri, na akashindwa kulipita. Mkewe akaona, akasogea, akachukua kipaza sauti.

"Majoho haya hayakuharibiwa na Dobi," alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Akaendelea.

"Kitambaa kile ningekiloweka kisingerudi. Sikukiloweka. Dobi alitaka kunisaidia nikakataa, kwa kiburi changu, kwa sababu nilichoka kumwambia asante. Mlipomhoji mimi nilikuwa nimekaa pale dirishani. Nilijua, nikanyamaza. Na huyu mama hakuinuka bila msaada wa mwanadamu. Ameinuliwa kwa mikono ya mwanamke mliyemfukuza, na mume wangu akaandika, na mimi nikatazama."

Mtoto mmoja aliangusha sarafu ya sadaka, ikabingirika mpaka ikachoka. Mama Pimatena alingoja wamzomee. Aliombea wamzomee.

"Bwana asifiwe!" alipaza mtu nyuma.

"Huo ndio ushuhuda!" alijibu mwingine, na kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele. Mwanamke wa mstari wa pili alikuja mbele kumkumbatia akilia. Mchungaji alifuta macho, akasema ujasiri kama huu ni adimu, ndiyo njia ya utakatifu. Mwenyekiti wa wazee akaongeza kwamba suala la Dobi litaangaliwa upya katika kikao kijacho, tarehe itatangazwa. Makofi yakazidi. Mama Pimatena alisimama katikati ya makofi yale mikono imening'inia. Alikuwa amekuja kujivua nguo, nao wanamvika nyingine, nzuri kuliko ya kwanza.

Fimbo iligonga sakafu. Ikagonga tena, kwa nguvu, mpaka makofi yakakatika vipande vipande.

"Yuko wapi?" aliuliza Bibi.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ametazama kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali pa Dobi. Kilikuwa kitupu.

"Ameshaondoka," alisema mwenye kioski kwa sauti ndogo. "Kanipitia asubuhi ameniachia sukari. Alisema anakwenda kituoni kungoja basi la saa tano."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne unusu."

"Na mnapiga makofi," alisema Bibi. Akageuka. Kugeuka kwake kulichukua muda, mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili, na kanisa lote lilingoja likiangalia. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Katibu aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akamfuata mama yake, akamshika kiwiko. Binti alitoka katikati ya kwaya na joho lake la magotini.

"Wewe una miguu miwili," Bibi alimwambia mkwewe. "Unangoja nini? Kimbia!"

Mama Pimatena akakimbia.

*

Dobi alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, ndoo miguuni, begi ubavuni limefungwa kamba. Alikuwa amevaa lile gauni la pazia, kwa kuwa ndilo la safari. Basi lilikuwa limeshafika, na kondakta alikuwa anapakia mizigo juu.

"Ibada imeisha mapema leo," alisema Dobi.

"Haijaisha." Mama Pimatena alipumua, mkono kiunoni. "Nimesema, dada. Mbele ya watu wote. Nimesema kila kitu."

"Wakasemaje?"

"Wakapiga makofi."

Dobi alimtazama kuona kama anatania. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Makofi! Mungu wangu. Na vigelegele?"

"Na vigelegele. Na suala lako wataliangalia upya kikaoni."

"Maskini mdogo wangu," alisema Dobi, na alimaanisha.

Mama Pimatena hakuketi. "Asante, dada," alisema. "Kwa mashuka. Kwa kumgeuza. Kwa kuzungumza naye wakati mimi nilikuwa nimekaa na cherehani nikijifanya sisikii. Asante wewe. Mungu simtaji hapa, nikimtaja nitajificha nyuma yake."

Dobi alifumba na kufumbua vidole vyake vyenye nyufa. "Nimekusikia," alisema mwishowe. "Lakini mtoto wa dada yangu ananingoja, na chumba nimeshakifagia. Sitakaa nyumba ambayo wanaangalia upya kama nifukuzwe." Akainuka, akashika ndoo zake. Kondakta akanyoosha mkono kulipokea begi.

"Basi ngoja kidogo tu," alisema Mama Pimatena. "Bibi anakuja kukuaga."

"Anakuja na gari la nani?"

"Anakuja kwa miguu."

Dobi alisimama pale pale, ndoo mkononi. "Kwa miguu? Toka kanisani? Na jua hili?"

"Katibu kamshika—"

"Katibu anajua nini! Mguu ule haujawahi kuvuka uwanja! Ukikakamaa njiani nani atamnyoosha, ninyi na daftari lenu? Watu gani ninyi!" Ndoo zikatua chini kwa kishindo, na Dobi akashika njia kuelekea kanisani kwa hatua za mtu aliyechelewa kazini, bila kutazama nyuma.

"Mama!" alipaza kondakta. "Mama, tunaondoka!"

Hakugeuka. Basi likapiga honi mara mbili, likaondoka.

Mama Pimatena alibaki na mizigo. Akajitwika begi kichwani, akapachika pasi ndani ya ndoo, akashika ndoo mkono mmoja. Begi lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na halikuwa la kwake kulalamikia. Mbele, mbali kidogo, aliliona lile gauni la manjano likienda kasi, na mbele zaidi kijikundi kidogo kando ya njia, fimbo, joho fupi, mwanamume mwembamba aliyeinama.

Alilitazama pindo la gauni. Liligusa vifundo vya miguu sawasawa, mahali alipolipima na kulipima tena, baada ya miaka kumi na mmoja ya sabuni na mikono ya dobi. Halikuwa limerudi hata upana wa kidole. Sasa akakumbuka. Alikumbuka beseni la bati na kitambaa kipya cha mapazia ndani ya maji, na yeye amepiga magoti akikikandamiza kwa viganja ili kilowe vizuri, kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hakuwa anamdai chochote.

Alitua ndoo, akabadilisha mkono, akamfuata.